Sanduku la Kufuli Tatu

Lilichongwa kwa gogo moja la mwaloni,
zito hata wanaume sita hawalisogezi,
likatiwa kufuli tatu, funguo katika mifuko mitatu:
mmoja wa kasisi, miwili ya wazee wa kanisa,
ili asiwepo wa kulifungua peke yake.
Ndivyo wahenga wa Ockerby walivyoaminiana.

Leo funguo zote ninazo mimi, Enid Scotney,
kwenye pete moja na ule wa banda la kuku.
Kila Ijumaa nafagia: viti vya watu mia,
waumini saba, mmoja wao mume wangu,
naye huja kusinzia.

Nainua kifuniko. Harufu ya nta na panya.

Daftari la kwanza, wino rangi ya chai iliyolala:
"Amebatizwa Thomasin. Amezikwa Thomasin."
Siku tisa baina yake,
na mwandishi hakuona sababu ya kuruka mstari.
Mwaka wa tauni mwandiko unabadilika mara nne
kati ya Juni na mavuno.
Hakuna aliyeandika kwa nini.

Chini yake, vitabu vya hesabu. Hivi ndivyo nivipendavyo,
maana fedha haijui uongo wa adabu:
"Kwa vichwa vya shomoro, dazeni mbili: peni nne.
Kwa kalunguyeye mmoja, adhaniwaye kunyonya ng'ombe usiku: peni mbili.
Kwa mwanamke mjamzito mpita njia,
ili aendelee kupita: peni sita."

Maana angejifungua hapa, mtoto angekuwa wetu,
na mkate wake ungekuwa wetu.
Nimepiga hesabu kwa vidole:
mama yule, na aliyekuwa tumboni,
sawasawa na kalunguyeye watatu.

Ramani imekunjwa mara nane. Mpimaji aliitia rangi
kwa mkono mwororo: kijani cha Bwana Lathbury,
kijani cha Bwana Lathbury, waridi la kanisa,
kijani. Palipokuwa malisho ya wote
pakaoteshwa ua wa miiba, na Jabez Tuffnell,
mwenye ng'ombe mmoja na bata bukini kumi na moja,
akabakiwa na haki ya kutazama.
Alitia msalaba penye sahihi.
Msalaba umepinda; kalamu imetoboa karatasi.
Majina ya makonde tu hayakuuzika:
Konde la Mjane, Ekari ya Mkate Mkavu,
Njaa ya Juu, Njaa ya Chini. Bado tunayaita hivyo,
ingawa Njaa ya Chini siku hizi inavuna jua kwa paneli.

Vita havimo sandukuni. Vimo mnarani:
kengele sita, kamba sita,
na tangu wavulana wa Garlick wasirudi
zikalia tatu. Babu alisema
masikio ya kijiji yalizoea baada ya miaka kumi.
Yake hayakuzoea.

Karakana ya mhunzi sasa yaitwa Nyumba ya Mhunzi;
anakaa humo daktari wa meno, Jumamosi na Jumapili.
Shule ni ya mtu. Basi ni Jumanne.

Mwezi Machi alikuja mgeni kutoka Tasmania,
karatasi mkononi: bibi wa bibi wa bibi yake
alizaliwa "njiani", baina ya Ockerby na parokia ya pili.
Jina la mama halikuandikwa.
Nilimwonyesha ule mstari. Sikumwambia ndiye,
ningejuaje? Miaka inakaribiana, basi.
Aliusoma mara mbili, akacheka, akanyamaza.
Akauliza peni sita za wakati ule ni kiasi gani leo.
Sikujua.
Nikamwonyesha bei ya kalunguyeye.

Aliinuka, akavaa koti, akatafuta ufunguo wa gari.
Nje mvua ilikuwa imeanza, ile yetu, ya ubavuni.
Nikamwambia akae.